Jiwe la Ivuna na Madarasa ya Dar es Salaam

Mwanafunzi wa sekondari wa Kinondoni au Temeke akiulizwa habari za vimondo, kwa kawaida hukitaja kile cha Mbozi. Hakosei. Pande lile la chuma na nikeli, linalokadiriwa kuwa na uzito wa tani 12 hadi 16, ni miongoni mwa makubwa duniani. Lakini katika eneo ambalo leo ni mkoa huohuo wa Songwe kilianguka kimondo kingine, tarehe 16 Desemba 1938, mahali paitwapo Ivuna karibu na Ziwa Rukwa. Vipande vilivyohifadhiwa havikutimia hata kilo moja: gramu 705 tu. Kwa elimu ya sayari, gramu hizo zina thamani kupita tani zote za Mbozi, na ni aibu kwamba jina la Ivuna limezoeleka zaidi katika maabara za Tokyo na London kuliko katika madarasa ya Mbagala.

Thamani hiyo yatokana na kemia. Jiwe la Ivuna ni jeusi na laini, lina kaboni, na madini yake ya jamii ya udongo wa mfinyanzi yamefunga maji ndani. Isipokuwa kwa gesi nyepesi kama haidrojeni na heli, uwiano wa elementi zake wakaribia sana ule wa Jua. Kwa hiyo kundi zima la mawe ya namna hiyo huitwa CI, herufi ya pili ikisimama badala ya Ivuna, na wataalamu hulitumia kama kipimo cha kulinganishia miamba mingine.

Desemba 2020 chombo cha Kijapani, Hayabusa2, kilileta gramu 5 na ushei kutoka asteroidi Ryugu, yenye kipenyo cha mita 900 hivi. Ryugu imo katika orodha ya asteroidi zinazoangaliwa kwa hadhari, kwa kuwa njia yake hupita karibu na ile ya Dunia. Uchunguzi ulionyesha kwamba ni ndugu wa Ivuna. Na atakaye kuisukuma kando asteroidi ya hatari sharti ajue kwanza kama atagonga pande la chuma au rundo la mawe laini.

Lakini chumvi za salfeti, zilizoonekana kwa miaka mingi katika mawe ya CI, hazikupatikana katika vumbi la Ryugu. Yaelekea zilizaliwa hapahapa duniani, kabatini, kwa unyevu wa hewa.

Huenda mwalimu akajibu kwamba mtihani hauulizi Ivuna. Jibu hilo halitoshi. Kimondo kijacho chaweza kuanguka uani Toangoma, au kijijini kwa babu mwanafunzi akiwa likizoni. Asiyefundishwa atakiosha kwa maji, atakijaribu kwa sumaku (jaribio linalosifiwa sana, nalo hufuta kumbukumbu ya usumaku iliyomo jiweni), kisha atakiweka dirishani penye upepo wa bahari, katika mji ambao msumari hushika kutu hata sandukuni. Aliyefundishwa ataandika saa na upande kilikotokea, atakiokota kwa karatasi safi pasipo kukigusa kwa vidole, na kukifungia ndani ya chupa kavu yenye kifuniko. Chupa ya jamu iliyooshwa na kuanikwa juani yatosha kwa siku ya kwanza. Siku ya pili ifikishwe kwa wanajiolojia wa Chuo Kikuu, Mlimani.