Samadi Zizini, Moto Jikoni



Wasomaji wetu watukufu, juma hili tunaleta mbele yenu jambo ambalo baadhi ya akina mama wenye ng'ombe hulikataa kabla ya kulichunguza, nalo ni kupikia gesi itokanayo na samadi. Huuliza, "Vipi chakula cha watoto kipikwe kwa najisi?"

Suali hili lina uzito, na ni haki lijibiwe. Katika madhehebu yetu ya Kishafii, kinyesi cha ng'ombe ni najisi. Lakini wanazuoni wa madhehebu hayo hayo wamebainisha kwamba mvuke utokao kwenye najisi bila ya kuchomwa moto, mfano wa hewa ya chooni, ni tohara. Na gesi hii ndivyo ipatikanavyo. Samadi huchanganywa na maji kwa kiasi sawa, ikatiwa ndani ya shimo lililojengwa na kuzibwa hewa isiingie. Humo vijidudu visivyoonekana kwa macho huiozesha, na gesi ya methani hupanda juu, ikapita bombani hadi jikoni. Chungu hakikutani na samadi hata chembe; hukutana na moto wa buluu usio na masizi. Aliyebakiwa na shaka na amuulize sheikh wake.

Akorogaye samadi ndiye apasaye kujihadhari. Na awe na nguo maalumu ya kazi hiyo, na aoshe mikono mpaka iondoke najisi pamoja na athari zake, kabla ya kugusa unga au kusimama kuswali.

Tunalisisitiza jambo hili kwa kuwa moshi wa kuni unaua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 walifariki kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani. Wauvutao zaidi ni mama apikaye na mtoto aliye mgongoni mwake.

Hata hivyo, si kila nyumba itaweza. Ng'ombe wawili au watatu wafugwao zizini hutoa samadi ya kilo 20 hadi 30 kwa siku, nayo yaweza kuleta moto wa saa mbili au zaidi. Wakishinda malishoni, samadi hupotea njiani. Maji nayo yawe karibu, mzigo wa kuni usije ukageuka mzigo wa ndoo. Tope libakialo ni mbolea njema kwa mchicha na minazi.

Ujenzi una gharama, na mara nyingi mwenye ng'ombe na fedha ni mume. Basi nasaha yetu kwa akina baba ni hii: kabla ya kununua ng'ombe wa nne, ingieni jikoni wakati kuni zinawaka, mkae humo mpaka wali uive. Kisha mshauriane na wake zenu.

Wabillahi tawfiq.