Majina ya Vyuma vya Ngoma

Ngoma ni jina la kale katika lugha za Kibantu, na ni machache yaliyosafiri mbali kama hilo bila ya kuchoka. Mhaya husema engoma, Mnyarwanda husema ingoma, Mswahili husema ngoma, na kila mmoja humwelewa mwenzake kabla ya mkalimani kufika. Ni ajabu, basi, kwamba watu wa lugha hizi, wakiisha kuiona ngoma imewekwa juu ya vyuma na kukazwa kwa bolti, hudai kuwa hawana tena maneno ya kuieleza. Dai hilo husemwa na baadhi ya wasomi, husemwa na baadhi ya walimu wa muziki, na husemwa na wapigaji wenyewe. Ni dai lisilo na msingi, na madhara yake ni makubwa kuliko yanavyodhaniwa.

Kitendaguro ni kata mojawapo ya Manispaa ya Bukoba, katika nchi ya migomba na kahawa iliyo magharibi ya Ziwa Viktoria. Na achukuliwe, kwa mfano tu, kijana wa kwaya wa huko aliyekabidhiwa seti ya ngoma za bendi. Kikanyagio cha ngoma kubwa kimeharibika. Kijana anaiona sehemu iliyokatika, anaishika kwa vidole vyake, lakini haina jina kinywani mwake. Akimpigia simu muuza vyombo wa Mwanza au Dar es Salaam, husema, “Nataka kile kidude cha chini.” Muuzaji naye anavyo vidude hamsini. Kinacholetwa sicho kilichotakiwa. Nauli imelipwa, fedha ya kwaya imekwisha, na ngoma imenyamaza. Upungufu wa kijana huyu si wa fedha wala wa akili. Ni upungufu wa majina, na waliopaswa kumpa majina hayo ni waliosoma.

Wako wasemao kwamba seti hii ni mali ya Waingereza na Wamarekani, na kwamba mwenye mali ndiye mwenye haki ya kuitaja. Wasemao hivyo hawajaijua mali yenyewe. Ngoma kubwa na ngoma ya nyuzi zilitoka katika bendi za kijeshi za Ulaya. Matoazi yake ni sanaa ya Uturuki: ukoo wa Zildjian ulianza kazi hiyo katika Istanbul mwaka 1623, nao haukuhamishia kiwanda Marekani mpaka mwaka 1929. Ngoma ndogo za kati, katika seti za mwanzo, zilikuwa za Kichina. Vitu hivi vilikusanywa mbele ya mpigaji mmoja katika miji ya Marekani kama New Orleans, na waliovifanya vizungumze lugha moja walikuwa kwa sehemu kubwa watu weusi, wajukuu wa Afrika. Kikanyagio cha chuma cha William F. Ludwig, kilichotolewa Chicago mwaka 1909, ndicho kilichoeneza desturi ya mtu mmoja kufanya kazi ya watu watatu. Chombo kilichokusanywa kutoka mabara manne hakiwezi kuwa na mwenye haki mmoja wa kukitaja.

Tena mataifa mengine hayakungoja ruhusa. Mwitaliano ameyaita matoazi sahani. Mjerumani ameyaita mabeseni. Mfaransa ameiita ngoma kubwa kasha kubwa. Hakuna aliyewacheka. Mwingereza mwenyewe, chombo cha chuma kinachopokea bolti ubavuni mwa ngoma amekiita kwa neno ambalo kwa watu wa Scotland lina maana ya sikio. Matoazi mawili yanayopigwa kwa mguu ameyaita kofia ya juu. Na kigoda cha mpigaji amekiita kiti cha enzi. Hayo si maneno ya sayansi. Ni maneno ya nyumbani, ya jikoni na ya kabati la nguo, yaliyochukuliwa na mafundi waliokuwa na haraka ya kazi. Lau fundi wa Bukoba angesema “sikio la ngoma,” angeambiwa kwamba anatania. Lakini asemalo Mwingereza kwa maana iyo hiyo huitwa istilahi.

Kiti hicho cha enzi kina dhihaka ndani yake kwa watu wa Maziwa Makuu. Katika falme za eneo hilo ngoma ilikuwa alama ya utawala. Ankole ilikuwa na Bagyendanwa, Rwanda ilikuwa na Kalinga, na katika Kinyankole kula ngoma kulikuwa ndiko kutawazwa. Mgeni amempa mpigaji kiti cha enzi cha mzaha; hapa ngoma yenyewe ilikuwa enzi. Watu walioipa ngoma cheo kama hicho hawawezi kuambiwa kwamba hawana la kusema juu ya miguu yake.

Na yatazamwe sasa maneno yaliyopo. Kiwiliwili cha ngoma, kiwe cha mbao au cha chuma, kinaweza kuitwa mzinga, kwa kuwa ni kitu cha mviringo kilicho wazi ndani, kama mzinga wa nyuki. Kinachofunika mdomo wake ni ngozi. Na ingawa tangu miaka ya 1950 ngozi ya mnyama imeachia nafasi plastiki, wapigaji wanaendelea kusema ngozi, kwa sababu jina limeshika kazi ya kitu wala halikushika asili yake. Kuivuta ngozi hiyo ni kuwamba, neno lililomo katika kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 na lililokuwamo vinywani karne nyingi kabla yake. Duara la chuma linaloikandamiza ngozi ni pete. Bolti za kukazia hupita katika pete na kuingia katika masikio yaliyo ubavuni mwa mzinga, nazo huzungushwa kwa ufunguo wa ngoma. Chini ya ngoma ndogo ya mbele zimenyoshwa nyuzi za chuma zinazotoa mchakacho wake, na pembeni uko mkono wa kuzikaza na kuzilegeza. Kijiti cha kupigia ni mkwiro. Kikanyagio kina ubao wa mguu, mnyororo, springi na kirungu kinachoipiga ngoma kubwa. Kinachobeba toazi kina miguu mitatu, mlingoti, na juu yake nati ya mabawa na washa ya sufu inayozuia chuma kusaga chuma. Matoazi mawili ya mguu yana ufito upitao kati ya mlingoti, na kibano kinachoshika toazi la juu ili lipande na kushuka pamoja na ufito.

Haya yote yamesemwa bila ya kuazima hata neno moja ambalo fundi wa baiskeli hajalizoea. Bolti, nati, washa na springi ziliingia Kiswahili zamani na zimekwisha kupata uraia; hazina haja ya kufukuzwa. Lugha haipungui kwa kuazima. Hupungua inapoacha kufikiri. Wapigaji wa muziki wa dansi walipoipokea ngoma ndefu ya Kikuba waliiita tumba, wakasema “mpiga tumba,” na neno likakaa kama mwenyeji. Mabaharia wa pwani waliupa kila uzi na kila mti wa jahazi jina lake, mlingoti, foromali, joshi na demani, kwa kuwa baharini asiyejua jina la kamba hufa na wenzake. Motokaa ilipokuja, neno usukani lilitoka chomboni likapanda barabarani. Lugha iliyoweza kuendesha jahazi na motokaa haiwezi kushindwa na kikanyagio.

Hata hivyo kuna kosa la pili, nalo ni la wale wanaojiita watetezi wa Kiswahili. Hao hukaa mezani, hufungua kamusi za kigeni, na kwa kila neno hutunga jingine refu, gumu, lisilopata kutoka kinywani mwa mtu mwenye spana mkononi. Istilahi ya namna hiyo huzaliwa maiti. Huchapishwa, husifiwa, kisha kijana wa kwaya huendelea kusema kidude. Kazi ya kusanifisha istilahi, ambayo Baraza la Kiswahili la Taifa limekabidhiwa tangu mwaka 1967, haina budi kuanza kwa kusikiliza. Mwanafunzi na aende kwa mwamba ngoma anayejua ngozi ikauke kiasi gani kabla ya kuvutwa. Aende kwa fundi wa baiskeli na kwa mchomeleaji. Aulize kila kitu kinaitwaje na kwa nini. Atapata majina mawili au matatu kwa kitu kimoja. Na ayapeleke yote mbele ya wapigaji, nao wachague. Jina lililochaguliwa na mikono hudumu kuliko lililoamriwa na kalamu.

Bukoba ni mahali pafaapo kwa kazi hiyo, na si kwa sababu ya ngoma peke yake. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science utafiti wao juu ya uyeyushaji wa chuma wa Wahaya, wakaonyesha kwamba ufundi huo una asili ya kale sana katika nchi hiyo na kwamba uliweza kutoa chuma cha pua katika tanuri za udongo. Mzee aliyejua kuyeyusha alikuwa na jina la mrija wa mvukuto, jina la udongo wake, jina la makaa na jina la taka za chuma. Asingaliweza kumfundisha mwanawe bila ya hayo. Mjukuu wa mafundi kama hao leo anaambiwa kwamba chuma hakisemeki ila kwa Kiingereza. Huko si kuendelea.

Yamkini itajibiwa kwamba orodha za viwanda zimeandikwa kwa Kiingereza, na kwamba asiyejua majina hayo hawezi kununua. Jambo hilo ni kweli, na kijana ayajue majina ya sokoni kama mfanyabiashara ajuavyo fedha za kigeni. Lakini kununua si kuelewa. Anayejua kwamba pete inakandamiza ngozi, na kwamba kila bolti inavuta sehemu yake ya pete, hahitaji kuambiwa mara mbili kwamba bolti hukazwa moja, kisha inayoikabili upande wa pili, kwa robo ya mzunguko tu, mpaka ngozi nzima ilie sauti moja. Aliyekariri majina ya kigeni bila ya maana hukaza upande mmoja mpaka mwisho. Ngozi hukunjamana, pete hupinda, naye husema chombo ni kibovu. Jina linaloeleweka limebeba mafunzo ndani yake. Jina lisiloeleweka ni sauti tu, na ngoma ina sauti za kutosha.

Wahenga walisema, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Methali hiyo hutumiwa kumlaumu mtu mwenye kujipendelea, lakini inalo na funzo la pili: ngozi haikai katikati yenyewe, huenda kwa yule anayevuta. Kwa miaka mingi upande mmoja umevuta na upande wa pili umesimama ukitazama, kisha ukalalamika kwamba ngozi imekwenda. Wanafunzi wa Kiswahili hawakuombwa wamnyang'anye mtu kitu chake. Wameombwa washike upande wao wa ngozi, na wavute.