UKURASA WA FAMILIA: Wale wawili wa Ujiji

Mwezi uliopita tuliahidi kuendelea na habari za bustani za mboga, lakini mtuvumilie kidogo. Tulipata kibali cha kwenda Kigoma kwa mambo ya hospitali, na kwa kuwa tulimaliza mapema, tukawapeleka watoto Ujiji kwenye makumbusho ya Livingstone. Wao walitaka kuona ziwa tu. Na sisi pia, kusema kweli. Ng'ambo ile ndiyo kwetu.

Mle ndani kuna sanamu mbili za wazungu, kimo cha watu wazima, zimetengenezwa kwa karatasi na gundi, zikapakwa rangi. Ni Livingstone na Stanley, wanasalimiana. Si sanamu nzuri sana, fundi wa Kimakonde angecheka. Lakini katika yote tuliyoyaona siku ile, ndizo zilizotushika miguu.

Kijana wetu mkubwa alikasirika. "Papa, sasa weusi wako wapi?" Ana haki. Msafara wa Stanley ulipoingia Ujiji mwishoni mwa mwaka 1871, wa kwanza kumsalimu alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone, halafu Chuma. Susi ndiye aliyekimbia kumpasha mzee habari. Na mzee alipofariki mwaka 1873, kule ambako leo ni Zambia, ni hao hao na wenzao waliobeba maiti miezi mingi kwa miguu mpaka Bagamoyo. Tulimweleza kijana, akatulia kidogo.

Sisi tulikuwa tunamwangalia yule mzee. Shuleni walitufundisha kwamba alikuwa mpelelezi mkubwa. Hawakutuambia kwamba alifika pale kama sisi tulivyofika. Alitoka upande wetu wa ziwa, Maniema. Kabambare alikaa miezi mingi mwaka 1870, miguu imejaa vidonda. Tarehe 15 Julai 1871, akiwa Nyangwe, aliona watu wa wafanyabiashara ya watumwa wakifyatua bunduki katikati ya soko. Walikufa watu mamia, wengi ni wanawake waliokuja kuuza vyakula, wengine walizama Lualaba wakikimbia. Akageuza njia, akarudi Ujiji. Kufika, vitu vyake vyote vimeshauzwa na mtu aliyeachiwa avitunze. Nani kati yetu haijui hiyo?

Basi binti yetu mdogo akauliza, "Yule mwingine alijuaje kwamba ni yeye?" Tukajibu haraka haraka: mzungu alikuwa mmoja tu mji mzima. Akanyamaza. Halafu, "Na kaka atatujuaje sisi?"

Kwa wasiojua: mwaka 2017, usiku wa kuvuka, tuligawanyika mitumbwi miwili. Wetu ulifika. Ule wa pili, alimokuwa mtoto wetu wa kati pamoja na shangazi yake, hatujausikia tena. Alikuwa na miaka 9. Leo ni kijana mwenye sauti nzito, tukipishana naye kwenye foleni ya mgao huenda tusimjue. Papa ameota mvi, Mama amekonda. Na hapa tuko maelfu, na majina yanafanana, ukiita Amisi wanageuka ishirini.

Hatukumjibu mtoto. Tulisimama mbele ya wale wawili mpaka mlinzi akaja kuuliza kama kuna shida. Tukamwambia hakuna. Nje kuna miembe ambayo inasemekana ni kizazi cha ule mwembe waliokutania, tukakaa kivulini, watoto wakala mihogo, tukatazama maji. Siku ile kulikuwa na ukungu, milima ya kwetu haikuonekana.

Fomu yetu ya kutafuta ndugu tuliijaza mwaka 2018. Tuliandika jina, umri, kijiji, na rangi ya shati aliyovaa. Shati, jamani! Jumatatu tulirudi ofisini kuomba waongeze mambo mawili: kovu la pasi ya mkaa kwenye mkono wa kushoto, na lile jina la nyumbani ambalo ni sisi tu tulimwita. Karani aliuliza linaandikwaje. Hatukuwahi kuliandika popote, ikabidi tulitamke polepole, mara tatu, mpaka akalipata.