NANI KASEMA NAMBA TASA HAIZAI?

Vijana wenzangu wa kalamu, leo nina ugomvi na neno moja: tasa.

Darasani hapa Mafia tulifundishwa kuwa namba tasa ni ile inayozidi 1 na isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Mimi neno hilo nilikuwa nalijua zamani. Ndilo walilomwitia shangazi yangu pale Kilindoni, na hawakumwita kwa mapenzi.

Shangazi alikuwa akifua nazi za watu kwa ujira, nami nikimsaidia kuhesabu. Nazi 12 zinapangika mistari 3 ya nne nne. Lakini nazi 13, hangaika usiku kucha, zitakaa mstari mmoja tu. Basi 13 ikaitwa tasa, kosa lake kukataa kugawanywa!

Sasa nauliza: hiyo 12 imetoka wapi? Ni 2 mara 2 mara 3, na 2 na 3 zote ni tasa. Kila namba nzima inayozidi 1, kama si tasa yenyewe, basi imezaliwa na tasa. Jamani, mama wa ukoo mzima ndiye mnamwita mgumba? Kama lazima tuazime majina ya ukoo, afadhali iitwe yatima: haina wazazi, lakini inazaa.

Na hazina mwisho. Euclid, Mgiriki, alilithibitisha hilo zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Oktoba 2024 Mmarekani Luke Durant aligundua moja ya kutisha: andika 2 mara 136,279,841, zizidishe zote, kisha toa 1. Jibu lina tarakimu 41,024,320. Ukitamka tarakimu moja kila sekunde, bila kula wala kulala, utamaliza baada ya siku 474 na ushei. Dubwana hilo nalo eti tasa!

Mtasema, "We kijana, hesabu na riwaya wapi na wapi?" Fungueni miswada yetu. Mwanamke tasa akiingia ukurasa wa kwanza, ukurasa wa kumi keshakuwa mchawi, au mumewe kaoa mwingine. Hata mimi niliandika hivyo katika sura ya 3 ya riwaya yangu. Nimeichana.

Shangazi hakuzaa. Alilea watoto 7 wa ndugu zake, mimi kitinda mimba wao, na kidato cha nne nilikimaliza kwa nazi zake. Siku ya maziko yake nikasikia watu wakinong'ona kuwa marehemu hakuacha mtu. Sisi 7 tulikuwa tumekaa palepale jamvini.

Wenye kamusi wabaki na neno lao, sigombani nao. Ila sisi tunaoandika habari za watu, kabla hatujamwita mtu tasa, tuhesabu kwanza.