Tutume kidogo kwanza

Vijana wenzetu wa Goma, tangu banki zilipofungwa mu Januari 2025, wengine wetu tunapokea minervali na kodi ya nyumba kwa USDT. Basi tuambiane ukweli: feza ikishaenda kwa adresi isiyo yake, hakuna gishe ya kulalamikia.

Adresi ya Tron inaanza na T. Ya Ethereum na ya BNB zote zinaanza na 0x, njo maana kutazama adresi tu haitoshi: tuulizane jina la rezo mbele ya kutuma. Tusikopie adresi mu historia. Wezi wanaingizamo zao zenye kufanana. Tusome herufi zote.

Tutume kidogo, tungoje ndugu aseme «imefika», njo tutume yote. Kuhakikisha si woga. Ni kulinda jasho la familia.