Kibarua cha mwenza kikiota nyasi, msikae kimya: haki zina tarehe

Kibarua kikiota nyasi, kitu cha kwanza kinachoingia katika nyumba nyingi ni ukimya. Baba anaendelea kuamka alfajiri, anapiga pasi shati na kutoka kama kawaida. Mama anaona matumizi yamepungua lakini anaogopa kuuliza. Au ni mama ndiye aliyepunguzwa kazini, naye anasubiri ada ya shule ilipwe kwanza ndipo aseme. Wiki tatu zinapita, wakati mwingine mwezi mzima.

Sababu zinaeleweka. Kazi ni heshima, na aliyeipoteza hujiona amewaangusha mwenza wake na watoto. Tatizo ni kwamba haki za mtu aliyepoteza kazi zina muda wake, na baadhi ya nyaraka za kuzidai hutunzwa na mwenza: cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za bima. Jina kwenye fomu ni la mmoja, lakini shughuli ya kudai ni ya wawili. Kila siku ya siri inapunguza muda wenu wote.

Wiki hii tuangalie mambo ambayo baba na mama wanapaswa kuyafanya pamoja pale mmoja wao anapoachishwa kazi katika sekta binafsi hapa Tanzania.

Soma kabla ya kusaini

Wapo wafanyakazi wanaoitwa ofisini na kuambiwa hivi: “Andika barua ya kuacha kazi mwenyewe, malipo yako yatatoka haraka.” Aliyechanganyikiwa husaini palepale ili aondoke. Hapo ndipo familia inapoweza kupoteza fedha nyingi kwa dakika moja.

Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kiinua mgongo hulipwa pale mwajiri anapositisha ajira ya mtu aliyefanya kazi kwa miezi 12 au zaidi mfululizo. Aliyeacha kazi kwa hiari hayumo. Fao la kukosa ajira nalo ni la mtu aliyeachishwa, si la aliyeondoka mwenyewe. Kwa hiyo barua moja iliyosainiwa kwa haraka inaweza kufunga milango miwili.

Jibu la kutoa ni fupi na la heshima: “Naomba niende nayo nyumbani nikaisome.” Ukifika nyumbani, mpe mwenza wako naye asome. Mtu ambaye hakuwa kwenye kile chumba mara nyingi huona mstari ambao wewe hukuuona.

Mnapoisoma, angalieni kama yamo haya: mshahara wa siku zilizofanyiwa kazi, malipo ya likizo ambayo haikuchukuliwa, notisi ya siku zisizopungua 28 kwa anayelipwa kwa mwezi au fedha badala yake, kiinua mgongo, na cheti cha utumishi. Aliyeajiriwa kutoka mkoa mwingine aulizie pia haki ya kusafirishwa kurudi alikoajiriwa.

Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku zisizopungua 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa kiwango kisichozidi miaka 10. Chukua mfano wa mtu mwenye mshahara wa msingi wa Sh780,000 aliyefanya kazi miaka 5. Ukigawa kwa siku 26 za kazi, siku moja ni Sh30,000. Siku 7 ni Sh210,000. Kwa miaka 5 ni Sh1,050,000. Fanyeni hesabu hiyo wenyewe kabla ya kuambiwa kiasi na mtu mwingine. Lakini aliyeachishwa kwa utovu wa nidhamu hapati kiinua mgongo, hivyo sababu iliyoandikwa kwenye barua ina uzito mkubwa.

Mkiona uachishwaji haukuwa wa haki, malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Mama aliyeachishwa kwa sababu ya ujauzito asikae nyumbani kulia. Sheria inasema wazi kwamba ujauzito si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda, lakini utatakiwa kutoa sababu za msingi. “Nilikuwa naogopa kumwambia mke wangu” haitakusaidia.

Fao la kukosa ajira

Wengi bado wanazungumzia “fao la kujitoa”, yaani kuchukua michango yote na kuondoka. Mabadiliko ya sheria ya 2018 yalileta fao la kukosa ajira, na ndilo mnalopaswa kuliulizia katika ofisi ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF.

Mwanachama aliyechangia kwa miezi isiyopungua 18 na ambaye hajafikisha miaka 55 anaweza kulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kila mwezi kwa miezi sita, ilimradi hajapata kazi nyingine. Kwa yule wa Sh780,000, hiyo ni karibu Sh260,000 kwa mwezi. Haitoshi kuendesha nyumba yote, lakini katika nyumba nyingi inalipa kodi na kununua unga, mchele na mafuta wakati mnajipanga.

Jambo ambalo mnapaswa kulihakikisha mapema ni michango. Kukatwa kwenye hati ya mshahara si ushahidi kwamba fedha zilifika NSSF. Ombeni taarifa ya michango na muilinganishe na hati za mshahara, mwezi kwa mwezi. Mkikuta miezi iliyorukwa, pelekeni hati hizo NSSF, kwa kuwa wajibu wa kuwasilisha michango ni wa mwajiri, na mfuko una mamlaka ya kumdai. Ndiyo maana hati za mshahara hazitupwi. Kama mnapokea kwa barua pepe, zihifadhini kwenye simu zote mbili.

Bima ya afya ya watoto

Kama mwandishi wa habari za afya, hapa ndipo ninapoomba msome taratibu. Kadi za bima za mwenza na watoto zinategemea ajira ya mmoja. Ajira ikiisha, kadi zote zinafuata. Familia iliyofichwa habari hiyo huja kuijua kwenye dirisha la mapokezi hospitalini, saa nane usiku, mtoto akiwa na homa.

Ulizeni mwajiri kwa maandishi: bima inaishia tarehe ngapi? Jibu hilo ndilo linaloongoza mambo mengine.

Kama mwenza mwingine ana ajira yenye bima, aende ofisi ya rasilimali watu wiki hiyohiyo aombe kumwandikisha mwenza wake na watoto kama wategemezi. Katika Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, mwanachama anaweza kumwandikisha mwenza na wategemezi wengine wanne. Mtatakiwa cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa. Wenza wanaoishi pamoja bila cheti cha ndoa ndio hukwama hapa, kwa hiyo waulize utaratibu mapema. Kama mtoto aliye chini ya miaka mitano hana cheti cha kuzaliwa, mikoa mingi ina usajili wa bure kupitia ofisi za kata na vituo vya afya.

Kama wote wawili hamna bima ya kazini, ulizeni katika ofisi ya NHIF au halmashauri kuhusu kujiunga kama kaya. Fedha za kiinua mgongo zikitoka, bima ipewe nafasi yake kabla ya mtaji wa biashara. Mtoto mmoja akilazwa wiki moja, mtaji wote unaweza kuishia kwenye bili.

Mwenye shinikizo la damu, kisukari au pumu asisubiri. Ahudhurie kliniki na kuchukua dawa kadi ikiwa bado hai, kisha amwambie daktari ukweli kwamba bima inakaribia kuisha. Daktari anaweza kuangalia kama ipo dawa ya bei nafuu zaidi inayofanya kazi ileile. Kuruka dozi ili dawa zifike mwisho wa mwezi ni hatari, hasa kwa mtu ambaye tayari halali vizuri kwa mawazo. Dawa za kifua kikuu na za kufubaza virusi vya Ukimwi zinatolewa bila malipo, kwa hiyo kukosa bima kusimfanye mtu aache.

Vilevile msikatishe kliniki ya ujauzito wala ya mtoto. Chanjo za watoto katika ratiba ya taifa ni bure, na sera ya afya inawasamehe malipo wajawazito na watoto chini ya miaka mitano katika vituo vya umma. Mkizidiwa na gharama za matibabu mengine, ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kuhusu msamaha. Ofisi hiyo ipo kwa ajili hiyo.

Na TASAF?

Swali hili huulizwa sana. Mpango wa kunusuru kaya maskini unaoendeshwa na TASAF unalenga kaya zenye umaskini mkubwa, zinazotambuliwa kupitia jamii yenyewe, ukiwamo mkutano wa kijiji au mtaa. Haukuundwa kumpokea mtu aliyepoteza kazi mwezi uliopita. Msipange bajeti kwa kuutegemea.

Kikao cha wawili

Baada ya haya yote, kaeni chini mgawane kazi. Aliyeachishwa ana mizunguko ya NSSF, mwajiri na pengine CMA. Mwenza wake anaweza kushika bahasha ya nyaraka na kalenda ya tarehe, kushughulikia bima, na kuzungumza na shule kuhusu kulipa ada kwa awamu. Andikeni madeni yote, ya kikoba na ya kwenye simu pia. Deni lililofichwa leo litagunduliwa fedha za mafao zikishaisha, na ugomvi wake huwa mkubwa zaidi.

Watoto nao waambiwe kwa maneno yanayolingana na umri wao. Wanaona baba au mama yuko nyumbani mchana. Wasipoelezwa, hujitungia maelezo yao, na mara nyingi hudhani wao ndio wamekosea.

Muangaliane pia kiafya. Kukosa usingizi kwa wiki kadhaa, pombe kuongezeka, hasira za ghafla au maneno ya kukata tamaa ni dalili za kumpeleka mtu kituo cha afya. Mwenza akisema heri asingekuwepo, msimwache peke yake, na aonwe na mtaalamu siku hiyohiyo.

Ukiwa ndiye uliyepoteza kazi na unasoma hapa kabla hujamwambia mwenzako, angalia tarehe iliyoandikwa kwenye barua yako. Hesabu siku zilizobaki kufikia 30. Kisha mwambie leo jioni, watoto wakishalala.