Makonyo Hayatupwi

Wiki iliyopita nilimpeleka binti yangu kwa daktari wa meno hapa Leicester. Alitoka na ganzi upande mmoja wa mdomo, na neno lake la kwanza likawa: "Mama, daktari kanitia karafuu!"

Hakukosea. Dawa ya kuziba jino kwa muda mara nyingi ni unga wa oksidi ya zinki uliochanganywa na yujenoli, na yujenoli ndiyo inayoipa karafuu harufu yake. Nikamwambia kuwa harufu ile huenda haikutoka kwenye karafuu yenyewe. Yujenoli nyingi hutokana na majani na makonyo ya mkarafuu.

Kwa watoto wetu waliozaliwa ughaibuni: karafuu ni tumba la ua, na huchumwa kwa vishada. Jioni watu wa nyumbani huketi kuchambua, karafuu huku, vikonyo kule. Karafuu huanikwa juani kwenye majamvi. Makonyo nayo bibi yangu aliyaanika pembeni, na aliyetupa hata konzi moja alisikia maneno yake. Yalikuwa na mnunuzi. Pemba, pale Wawi karibu na Chake Chake, kiko kiwanda cha shirika la ZSTC kinachokamua mafuta ya makonyo.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Makonyo hujazwa ndani ya pipa kubwa la chuma, kisha mvuke wa maji hupitishwa kutoka chini. Yujenoli peke yake huchemka kwenye nyuzi 254, lakini ikifuatana na mvuke hutoka kwenye joto la karibu nyuzi 100, bila kuungua. Mvuke ukipita kwenye bomba lililopozwa hugeuka kuwa maji na mafuta. Hapo wanafunzi wetu wa kemia wasikilize: mafuta ya makonyo ni mazito kuliko maji, kwa hiyo huzama chini badala ya kuelea.

Kilo 100 za makonyo makavu hutoa kama kilo 5 au 6 za mafuta. Karafuu hutoa mara tatu ya hapo, lakini ina bei yake jikoni. Kikonyo kisingekuwa na kazi nyingine.

Sasa nina ombi kwa wazazi. Jirani yangu alikuwa akimpaka mtoto anayeota meno mafuta ya karafuu ya chupa, kwa kuwa "bibi zetu walifanya hivyo." Bibi zetu walichemsha karafuu tatu nne kwenye sufuria ya maji. Chupa ya mililita 10 imebeba mafuta ya karibu gramu 200 za makonyo! Yakipakwa bila kuchanganywa huunguza ufizi, na watoto wadogo waliokunywa kiasi cha vijiko viwili vya chai wamewahi kuharibika ini vibaya. Tafadhali, iwekeni chupa hiyo mbali na mikono yao. Mtoto akiinywa, msisubiri dalili wala msimtapishe. Mpelekeni hospitali mara moja, na chupa yenyewe mkononi.

Jirani alinisikiliza, akaipandisha chupa juu ya kabati. Binti yangu naye ameniomba, tukienda Pemba, tumpitishe Wawi.